Tafiti za usonji: mzazi anahojiwa, mwalimu anahojiwa, mwenyewe anapimwa tu (uzi mrefu, vumilieni)

MjaDodoso (mwanzisha uzi):

Wakuu salama? Mimi kazi yangu ni kukusanya data kwenye miradi ya afya, yaani ndo yule anayepiga hodi na kishikwambi anakuuliza kaya ina watu wangapi na mnapikia nini. Sasa kwenye miradi inayohusu usonji (autism) kuna utaratibu nimeuzoea mpaka siku hizi unanikera. Mzazi anahojiwa, mwalimu anahojiwa, nesi anahojiwa, mwenye usonji mwenyewe anapimwa tu. Hata awe mtu mzima ana miaka 25 na anaongea vizuri, anapimwa, anajaziwa fomu, anapewa juisi, asante kwaheri.

Nikasema ngoja nisomesome nione wenzetu waliotangulia wamefika wapi, maana hii kitu wameanza zamani, daktari wa akili wa watoto aitwaye Leo Kanner, kule Baltimore Marekani, aliandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wenye usonji aliowaona kliniki. Nikakuta na wao kwa miaka mingi walikuwa hivihivi, na kilichokuja kuwashtua sio mashine mpya ya kupiga picha ubongo, ni wenye usonji wenyewe kuingia kwenye chumba cha watafiti na kuanza kubadilisha maswali.

Chukua mfano maarufu kabisa. Mwaka 1985 London, watafiti Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walitumia midoli miwili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi kwenye kikapu anatoka nje, Anne anaihamishia kwenye boksi, Sally akirudi ataitafuta wapi? Watoto wenye usonji walikuwa 20, na 16 wakaonyesha pale gololi ilipo kweli, sio pale Sally anapodhani ipo. Hapo ikasimama nadharia nzima kwamba mwenye usonji hana uwezo wa kukisia mwenzake anawaza nini. Nadharia ikashuka mtaani, ilipofika mtaani ikawa "hawa watu hawana huruma", na mtu akishabandikwa hilo nani atamuuliza kitu tena.

Ilipofika 2012 jamaa anaitwa Damian Milton, mwanasosholojia Mwingereza, mwenyewe ana usonji, akauliza swali ambalo mtoto angeuliza: na nyie mnajua sisi tunawaza nini? Hoja yake ni kwamba kutoelewana kuna pande mbili, ila upande wenye watu wengi kutoelewa kwao hakuitwi ugonjwa, kunaitwa kawaida. Miaka zaidi ya ishirini na tano watu walikuwa wanapima upande mmoja wa mazungumzo halafu wanashangaa kwanini kasoro zote zinaonekana upande huohuo!

Baada ya hapo watu wakaenda kujaribu. Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh wakacheza ule mchezo wa kupokezana habari, wa kwanza anasimuliwa hadithi, anamsimulia wa pili, mpaka wa nane. Minyororo mingine wote wana usonji, mingine wote hawana, mingine mchanganyiko. Mwaka 2020 wakatoa majibu: wenye usonji wao kwa wao walipokezana vizuri sawasawa na wasio nao, hadithi ilipukutika kwenye mchanganyiko. Kisha wakarudia na watu 311, majibu yakatoka 2025, safari hii hata mchanganyiko haukuwa na tofauti ya maana. Mimi naona vyote viwili vinasema jambo moja, kwamba ile habari ya "hawawezi kuwasiliana" haina miguu. Na napenda kwamba hawakuona haya kutangaza majibu yasiyolingana na ya kwanza.

Nitaendelea, kwanza niwasikie.

Bwana Ubishi:

Kwahiyo mkuu unataka tuamini usonji sio tatizo, ni kipaji? Maana siku hizi naona hiyo lugha, "uwezo wao", "nguvu zao", mambo ya kwenye sinema jamaa anatazama kalenda ya miaka mia anakwambia ni Jumanne. Wengi hawako hivyo bana.

MjaDodoso:

Hapana sijasema hivyo, na hiyo ya kalenda nami inanichosha, inamfanya mtu awe wa maonyesho. Kutafiti kwa kuanzia kwenye uwezo ninavyoelewa mimi ni kitu cha kawaida zaidi: usichague kipimo ambacho unajua tangu asubuhi kitamwangusha, halafu ukaandika matokeo kama vile umemjua.

Mfano mzuri uko Montreal, Kanada. Kuna daktari wa akili anaitwa Laurent Mottron, na kuna Michelle Dawson, mama mwenye usonji ambaye alikuwa anagawa barua posta ya Kanada. Hakuwa na digrii. Mottron alimpa makala zake azipitie, na ukosoaji wake ulikuwa mkali wenye hoja mpaka akamvuta ndani, wakawa wanaandika pamoja. Mwaka 2007 wakatoa kazi moja wakilinganisha vipimo viwili vya akili kwa watoto walewale 38 wenye usonji. Kimoja cha Wechsler, ambacho sehemu kubwa unaulizwa kwa mdomo na unajibu kwa mdomo, maana ya neno hili ni nini, ungefanya nini ukikuta hiki. Kingine cha Raven, unaonyeshwa maumbo yamepangwa kuna pengo, unachagua kipande kinachoziba, hakuna kuongea. Kwenye Wechsler theluthi ya watoto walianguka kwenye kundi la wenye ulemavu wa akili. Kwenye Raven walioanguka humo ni asilimia 5 tu, na theluthi nyingine wakawa juu kabisa, yaani waliwapita watoto 90 au zaidi kati ya kila 100. Ni watoto walewale, kilichobadilika ni meza na karatasi!

Sasa fikiria mtoto wa Mbagala au wa Likoni ambaye aliandikwa kwenye faili "hafundishiki" kwa kipimo cha kuongea.

Mama wa Watatu:

Nimesoma yote kimya lakini hapa naomba niseme. Wa pili wangu ana miaka 9 haongei kabisa. Akichafukwa anajigonga kichwa ukutani. Usiku halali, na mimi silali. Hao wa kuandika makala na kubishana na maprofesa Mungu awabariki ila sio wangu. Kila nikisikia "wajisemee wenyewe" najiuliza wangu atasemewa na nani kama mimi nanyamazishwa? Na msiniambie habari za uwezo, mimi nataka usingizi, nataka shule itakayompokea bila kunipigia simu saa nne asubuhi nije nimchukue.

MjaDodoso:

Dada pole sana, na hakuna anayekunyamazisha hapa. Nataka nikwambie vitu viwili, ukiona vya hovyo vikatae.

Cha kwanza, hicho unachotaka ndicho wenye usonji wenyewe wanachotaka watafiti wakitafute. Liz Pellicano na wenzake Uingereza waliuliza watu zaidi ya 1,600, wazazi, wenye usonji, wataalamu, watafiti, hela za utafiti ziende wapi. Walipopekua zilikokuwa zinaenda wakakuta asilimia 56 inaishia kwenye biolojia na ubongo, na mambo ya jamii inavyowapokea yalipata asilimia 1. Wazazi na wenye usonji wakasema jambo lilelile, tunataka vitu vya maisha ya kila siku, huduma, shule, kazi, mtu akizeeka aende wapi. Kwahiyo ule ugomvi wa mzazi na mwenye usonji tunaouona mitandaoni, kwenye suala la hela hawagombani kabisa, wote wako nje ya mlango.

Cha pili ni hao wasioongea. Mwaka 2015 hukohuko Montreal, Valérie Courchesne na wenzake walienda kwenye shule maalumu na kupima watoto 30 wenye usonji ambao hawaongei au wanaongea maneno machache sana. Kipimo cha Wechsler hakuna hata mmoja aliyekimaliza, sifuri kati ya 30. Halafu wakawapa kile cha maumbo kwa namna ya ubao, vipande vya kushika kwa mkono unapachika. Watoto 26 wakakimaliza, 17 kati yao wakiwa kwenye kiwango cha kawaida. Ukija kutafuta umbo lililofichwa ndani ya picha walikuwa wepesi kuliko wenzao wasio na usonji waliolingana nao kwenye kipimo cha maumbo. Wale watoto wangepimwa na mtu mvivu wangeandikwa "haikuwezekana kumpima" na faili linafungwa.

Haimpi mtu usingizi hiyo, najua.

Mama wa Watatu:

Haimpi. Ila hiyo ya ubao nimeielewa. Wangu anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi na ukubwa mpaka sebule yote, ukitoa kimoja ukakificha anajua. Mwalimu wake wa zamani alikuwa anamnyang'anya eti aache utoto.

MjaDodoso:

Umenikumbusha kitu. Yule mtoto wa kwanza kwenye ile orodha ya Kanner ya 1943, Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest jimbo la Mississippi, alipokuwa mdogo wazazi walishauriwa wamweke kwenye taasisi, wakamweka, baadaye wenyewe wakaenda kumtoa. Kisha akaishi kwa wakulima fulani mke na mume. Kanner mwenyewe alirudi kufuatilia wale 11 na 1971 akaandika alichokiona. Donald alikuwa na kichaa cha kupima na kuhesabu, basi wale wakulima wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuripoti kina chake. Alipokuwa hachoki kuhesabu mistari ya mahindi, wakampa ahesabu huku analima. Hawakumnyang'anya! Jamaa akaja kufanya kazi benki, akacheza gofu, akasafiri nchi kibao peke yake, amefariki 2023 akiwa na miaka 89. Na kwenye andiko hilohilo Kanner anasema wale waliofungiwa kwenye mataasisi walififia. Wakulima wasio na cheti waliona kitu ambacho wataalamu walichukua miongo kukirudia. Ila Donald alikuwa na familia yenye hela, benki yenyewe ya ukoo wa mama yake, tusidanganyane, hilo nalo limo.

Pwani Kabisa:

Kutoka Kilifi hapa. Mwasema kana kwamba huku hakuna kitu. Kilifi kuna kituo cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome (shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya), miaka mingi wanafanya kazi za ukuaji wa ubongo wa watoto, akina Profesa Amina Abubakar na Charles Newton. Joseph Gona na wenzake walitoa makala 2015, waliwauliza wazazi na wataalamu Kilifi na Mombasa wao wadhani usonji waletwa na nini na watibiwa vipi. Watu wakasema majini, wakasema uchawi, laana, na papo hapo wakasema ya urithi na matatizo wakati wa kujifungua. Wengine watumia hospitali na mganga na maombi vyote pamoja. Mimi hiyo naihesabu ni utafiti wa heshima, hawakuja kucheka watu.

Kisha kuna mradi wa SPARK, Kenya na Ethiopia, uliofundisha walezi wa watoto kwa ule mtaala wa WHO, Shirika la Afya Duniani, na wanaofundisha si lazima wawe madaktari. Kuna na ule wa vinasaba, NeuroDev, Kilifi na Cape Town. Na KEMRI wana wawakilishi wa jamii, wachaguliwa na wenyeji vijijini, utafiti ukija watoa maoni yao. Kwahivyo ushirikishwaji upo ndugu.

MjaDodoso:

Upo na nawavulia kofia. Swali langu linabaki palepale lakini: kwenye hiyo "jamii", mwenye usonji mtu mzima yuko wapi? Mlezi yupo, mzee wa kijiji yupo, mganga yupo. Najua huku kwetu wengi hawajapimwa kabisa kwahiyo utampata wapi, mtu ana miaka 40 anaitwa tu "yule fundi mkali asiyependa salamu". Lakini hata wale wachache waliopimwa hatuwaiti.

kimya_kimya:

Sipendi kuandika kwenye nyuzi ila hii imenigusa. Nina usonji, nilipimwa nikiwa chuo. Nimeshiriki utafiti kama mtu wa kuulizwa. Niwaambie inakuwaje.

Nilipigiwa simu. Mimi simu sipokei, kwahiyo nilikaribia kukosa. Chumba kilikuwa na feni inalia na taa ya tyubu inamemeta, watu wengine hawaioni ile kumemeta, mimi naiona. Swali: "Je, unapenda kukaa na watu?" watu gani? wangapi? wapi, tunafanya nini? Nikauliza, mhojaji akasema jibu tu unavyojisikia. Nikachagua "wastani" kwa maswali yote yaliyobaki. Kwahiyo kuna chati mahali inasema mimi ni mtu wa wastani.

Watu waliotatua hili wapo. Marekani, Oregon, kuna AASPIRE, kikundi cha watafiti na wenye usonji, ilianzishwa 2006 na Christina Nicolaidis ambaye ni daktari na Dora Raymaker ambaye ana usonji. Kila mradi wanafanya pamoja toka kuchagua swali mpaka kuandika. Vikao vyao vingi wanafanya kwa kuchati maandishi, sio kuongea, kwa sababu wengine kuongea kunawamaliza. Ajenda inatumwa mapema. Kwenye kuamua wanatumia vidole vitano kuonyesha mtu anakubali kwa kiasi gani, kwahiyo mtu asiyejua kudandia mazungumzo naye anahesabika. Madodoso wanayapitia wote, lile neno lisiloeleweka wanaliwekea maelezo, na kwenye "kidogo, wastani, sana" wanaweka picha ya silinda imejaa kiasi gani. Silinda ningeijibu.

Na wamepata vitu ambavyo madaktari hawakuwa wanavitafuta. Kule kuchoka kwetu, sio kuchoka kwa kazi, ni kule kuishiwa kabisa mpaka unapoteza hata uwezo uliokuwa nao, sauti zinauma, kupika unasahau hatua. Wenye usonji walikuwa wanaandikiana kwenye intaneti miaka kibao, kwenye majarida ya sayansi hakuna kitu. Raymaker na wenzake wakakiandikia utafiti 2020. Mimi niliposoma nilijua kwanini mwaka wa pili wa chuo nilianguka.

Mama wa Watatu, mimi nilianza kuongea na miaka 5. Sisemi mtoto wako ni kama mimi. Nasema ule ukuta, inawezekana kuna sauti inamuuma ambayo wewe huisikii.

Takwimu Tu:

Wacha niwe mchawi wa uzi. Mtafiti akiwa ndiye mtafitiwa, upendeleo hauingii? Na "wenye usonji" watakaokuja kwenye kamati ni wasomi wa mjini wenye bando, utasema umesikia jamii kumbe umesikia watu wanne.

MjaDodoso:

Hoja ya pili naikubali mia kwa mia, na ndo maana Mama wa Watatu na mwanae wasitoke kwenye meza. Ya kwanza siikubali. Wanawake wanatafiti uzazi, mbona hatuulizi. Na asiye na usonji naye ana upendeleo wake, ule wa kudhani yeye ndo rula.

Halafu gharama ya kutowashirikisha ipo. Agosti 2021 Chuo Kikuu cha Cambridge walizindua mradi unaitwa Spectrum 10K, wakusanye vinasaba vya watu 10,000 wenye usonji Uingereza. Majina makubwa, hela ya Wellcome kama pauni milioni tatu. Wenye usonji wakalipuka, wanauliza hizi data zitakuja kutumika kuzuia watu kama sisi tusizaliwe? nani ataziona? mbona hatukuulizwa kabla? Septemba haijaisha mradi umesimamishwa, watu wanaomba radhi na kuanza kutafuta maoni ambayo yalitakiwa kutafutwa mwanzo. Unaweza kusema woga wao ulizidi, mimi sidhani, ila hata kama ulizidi, kikao kimoja cha mapema kingekuwa nafuu.

Bwana Ubishi:

Sasa kisheria huku ikoje? Maana mtu mzima mwenye usonji fomu ya ridhaa anasaini nani?

Takwimu Tu:

Anasaini yeye. Mkataba wa UN wa haki za watu wenye ulemavu, Kenya iliridhia 2008 Tanzania 2009, ibara ya 15 inasema hakuna kumfanyia mtu majaribio ya kitabibu au kisayansi bila ridhaa yake mwenyewe aliyoitoa kwa hiari. Ibara ya 12 inasema ni mtu kamili mbele ya sheria, na kama anahitaji msaada wa kuamua apewe msaada, sio aamuliwe. Fomu nyingi zinarukia kwa mlezi kwa mazoea tu.

MjaDodoso:

Na mimi nimezoea kuruka hivyo, nasubiri sahihi ya mama huku kijana amekaa pembeni ananitazama.

Basi nina pendekezo. Mradi niliopo sasa tunarekebisha dodoso kabla halijarudi kamati ya maadili. Nitamwomba bosi tutafute wenye usonji watu wazima walisome na kulichana kabla halijaenda fildi. kimya_kimya ungekubali?

kimya_kimya:

Masharti. Mnitumie kwa barua pepe siku tatu kabla, sio asubuhi ya kikao. Majibu nitaandika, sitaongea. Kamera siwashi. Mnilipe kama mnavyomlipa mshauri mwingine, sio nauli. Jina langu msiweke kwenye shukrani bila kuniuliza. Na mtafute wengine, mimi peke yangu sitoshi, hapo Takwimu Tu amesema kweli.

MjaDodoso:

Hayo yote nayaandika kama yalivyo nimpelekee. Hapo kwenye malipo ndo patakuwa na mjadala.

kimya_kimya:

Basi mjadili halafu mniambie.

Pwani Kabisa:

Ukipata dodoso lililokwisha chanwa nitumie PM, nina watu huku wawakilishi ningependa waone.

Mama wa Watatu:

Na mimi niweke kwenye hicho kikao cha kuchana dodoso. Ila sio saa tisa, saa tisa ndo anarudi na gari la shule, na mwezi huu hawajanipigia kuja kumchukua. Mkiweka saa nne asubuhi nitakuwepo.